Mama Yuko Lukozi, Mwili Wake Uko Mazinde

Jumanne, 8 Julai 1975

Kwa hiyo blanketi nalo ni langu sasa. Wiki jana sweta, juzi mtandio wa sufu, na leo asubuhi Mama amelikunja blanketi lake la kijivu akaniwekea kitandani. Anasema haliwezi. Ukungu umeshuka mpaka mlangoni, maji ya kunawa yanauma vidole, na yeye haliwezi blanketi. Nilimshukuru kwa magoti. Mama mkwe gani mwingine anajivua nguo yake akamvika mwali? Kati ya wasichana wote tuliomaliza kidato cha nne pamoja, mwenye bahati ni mimi.

Ila nimechoka. Samadi, majani ya ng'ombe, kisha viazi vya shamba la kijiji mpaka alasiri. Kwetu Korogwe ardhi imelala. Hapa imesimama wima na mimi naipanda na kikapu kichwani. Viganja vimekuwa kama vya fundi uashi.

Zakaria hakuja Jumamosi. Mashine ya mkonge kule Mazinde, bondeni kwenye joto, imeharibika tena, na fundi ni yeye. Nalala na shati lake. Linanukia grisi na jua. Tumeoana tangu Mei na bado nikisikia lori likiikata kona ya Lukozi moyo unaruka. Nampenda mpaka naionea aibu karatasi hii.

Jumamosi, 12 Julai

Amekuja. Amekuja, amekuja.

Ameleta dagaa na papai. Mama alilimaliza papai karibu lote, akisema koo lake linataka kitu baridi. Zakaria akasema mama yake yuko Lukozi lakini mwili wake uko Mazinde. Tulicheka wote, hata Baba ambaye si mtu wa kucheka. Mama hakucheka. Alitoka nje akasimama kwenye ukungu bila mtandio, shingo ikimeta jasho.

Jumatatu, 14 Julai

Ameondoka alfajiri. Nyumba imekuwa kubwa na baridi.

Nyuma ya banda la ng'ombe kuna kamba ya wanawake. Wanaume hawapiti huko. Vitambaa vyetu vya mwezi tunavianika pale na juu yake tunatandaza kanga kuukuu. Leo nilikuwa naanika vyangu. Nilikuwa nimetumaini mwezi huu nisianike. Mama akaja na furushi, akanipa. Vitambaa vyake, vimefuliwa, vimekunjwa vizuri kama nguo za ubatizo. Akasema nichukue na hivi, yeye havihitaji.

Sasa nimekumbuka. Tangu nimeingia nyumba hii sijaona kitambaa chake hata kimoja kwenye kamba ile.

Aliyegundua si mimi peke yangu. Shangazi Damari, dada yake Baba, anakaa nyumba ya chini, na kamba yetu anaisoma kama Baba anavyosoma gazeti.

Jumatano, 16 Julai

Siku mbaya. Niandike haraka kabla sijasinzia.

Tulikuwa kwenye viazi vya kijiji, wanawake wa nyumba kumi zetu. Baridi ya kutoa moshi mdomoni. Katikati ya tuta Mama akaacha jembe, akajifungua kanga ya juu, uso umemwiva, akaanza kujipepea kwa jani la kabichi. Wenzake walitazamana. Shangazi akanisogelea akaniuliza kwa sauti ya chini, mimi niliyesoma, mwanamke mwenye mume akikosa siku zake miezi mitatu kitabu kinasemaje.

Nilijibu kama niko mbele ya msahihishaji. Nilisema mimba.

Na nilifurahi. Kweli nilifurahi. Niliona mtoto mdogo mwenye macho ya Zakaria, shemeji ambaye ningembeba mgongoni. Nilitabasamu peke yangu kwenye matope. Ndipo Shangazi akatema mate pembeni.

Sikujua. Kwetu hakuna jambo hilo, au lipo na hakuna aliyeniambia. Katika ukoo huu, mwali akishaingia, mama wa kijana hazai tena. Ni mwiko. Matumbo mawili hayakai chini ya paa moja, moja litalimeza jingine. Mama anayezaa pamoja na mkwe wake anachekwa mpaka sokoni.

Shangazi akasema, "Ndiyo maana wewe mpaka leo mtupu, mwali. Mwenzio amekutangulia kwenye mlango wako."

Maneno hayo yananiuma hata sasa. Neno lililoyaleta ni langu.

Ijumaa, 18 Julai

Baba ameambiwa. Yeye ni mzee wa kanisa. Ameshinda akichonga mpini ambao hauhitajiki. Kama kuna kosa, ni la wawili, lakini wote wanamwangalia Mama tu. Hilo nimeliona na sikulisema. Nani angenisikiliza?

Mama mwenyewe anaamini. Alimwambia Shangazi tumbo limeanza kumjaa, kweli. Alizungumza akitazama chini kama msichana aliyefumaniwa. Binti yake wa mwisho, Luiza, ana miaka tisa.

Wameamua. Mama aende kwao Mgwashi, kwa dada yake, mpaka mambo yaishe. Kabla ya hapo anywe dawa. Shangazi ameleta chupa ya maji ya mizizi, rangi ya kutu. Asubuhi na jioni. Hakuna aliyesema dawa hiyo ni ya nini. Kila mtu anajua.

Jumamosi, 19 Julai

Zakaria amekuja na nilimkimbilia mpaka barabarani bila viatu. Kwa muda mfupi nilisahau yote.

Alipoambiwa hakuweza kumtazama mama yake. Amenong'ona kwamba ataomba nyumba ya wafanyakazi kule Mazinde, tukakae wawili. Wawili tu! Dirisha moja, jiko moja, yeye kila jioni. Hakuna samadi. Nimeitaka nyumba hiyo kwa nguvu hata nikajisikia vibaya. Mama akiondoka kwa aibu, mimi napata nilichokiota. Furaha gani hiyo.

Jumanne, 22 Julai

Mama hapati usingizi. Asubuhi macho yake ni mekundu, shuka limeanikwa, limelowa jasho. Anakwenda haja ndogo mara kwa mara. Ameweka chumvi mara mbili kwenye maharage, kisha jioni akasahau kabisa. Luiza alivunja chungu na Mama akalia kama aliyefiwa, halafu akamkumbatia, halafu akamfokea. Ngozi ya mikono imekauka kama gome. Anasema moyo unamwenda mbio hata akiwa amekaa.

Simwoni akitapika. Hachukii harufu. Dada yangu alipokuwa na mimba alichukia hata harufu ya sabuni.

Chupa inapungua. Naogopa chupa ile. Naiogopa kuliko kucheka kwa soko zima.

Nimechoka na mimi. Kila mtu nyumba hii amechoka, hata ng'ombe.

Alhamisi, 24 Julai

Mama ameanguka. Aliteleza kwenye tuta, si juu hata kidogo, akajishikiza kwa mkono. Kiwiko kizima, kifundo cha mkono kimevimba. Kuanguka kwa namna hiyo ningejipangusa tope nikaendelea.

Nimepata sababu. Nilimwendea Baba, nikapiga magoti, nikamwomba nimpeleke hospitali Lushoto kwa ajili ya mkono. Mkono tu, nilisema. Alinitazama kwa muda mrefu. Nadhani alielewa. Alisema tupande lori la mboga kesho asubuhi.

Mgomba wa karibu na jiko majani yake yamekuwa njano. Sijui una nini.

Ijumaa, 25 Julai

Tumerudi. Nataka kuandika kila kitu, na vidole havitaki.

Mkono una ufa mdogo. Wameufunga. Mganga wa mifupa alishangaa kwamba kuanguka kudogo hivyo kumevunja mfupa. Ndipo nikamwomba atuelekeze kwenye kliniki ya akina mama. Mama alinifinya. Tulikwenda.

Sista Klara ni mtu mzima, nywele zimeanza mvi. Dirisha lake lilikuwa wazi na upepo wa Lushoto unaingia kama kisu. Alikuwa anajipepea kwa kadi ya kliniki. Mama aliiona ile kadi. Nami nikaiona.

Akauliza siku zake za mwisho. Mama akasema Aprili, kabla ya arusi yetu. Na kabla ya hapo? Zilikuwa zinaruka tangu mwaka jana, mara wiki mbili, mara miezi miwili, mara damu nyingi mno, mara tone tu. Hilo Shangazi hakuwahi kuliuliza. Mimi pia.

Alimpima nyuma ya pazia. Nilimsikia akinawa mikono. Kisha akasema, "Mama, hapa hakuna mtoto."

Mama akasema, "Angalia tena."

"Nimeangalia mara mbili, dada yangu."

Alimsaidia kukaa, na akatueleza sote wawili, polepole. Nitaandika nilivyoelewa, kwa sababu siku moja nitahitaji. Mayai ya mwanamke yana mwisho. Yakikaribia kwisha, ile nguvu ya mwili iliyokuwa inaleta damu ya mwezi inapanda na kushuka, kisha inashuka moja kwa moja. Mwili ulikuwa umeizoea tangu usichana, kwa hiyo unahangaika. Joto linapanda kifuani mpaka usoni. Moyo unakimbia. Usingizi unakatika, na mtu asiyelala anasahau chumvi na anavilia vyungu. Tumbo linanenepa bila mtoto. Ngozi inakauka, na si ya mikono tu. Hapo Sista alishusha sauti akamwambia Mama, kama kukutana na mume kunauma, asivumilie kimya, amwambie mzee apunguze haraka. Mama alijifunika uso kwa kanga. Mabega yalikuwa yanacheka.

Na mifupa. Nguvu ile ilikuwa inailinda. Ikiondoka, mifupa inakuwa myepesi, ndiyo maana tuta dogo limevunja mkono. Ale dagaa na mifupa yake, anywe maziwa, mboga za majani, atembee, apate jua. Asilale tu kwa kuwa amechoka.

Bado hajavuka kabisa. Mpaka upite mwaka mzima bila damu hata tone, mimba bado inawezekana. Na mwaka ukishapita, damu ikirudi asifurahi akidhani ujana umerudi. Aje hospitali siku hiyohiyo, hata iwe tone.

Niliuliza kuhusu chupa. Sista alikunja uso. Alisema dawa kama hizo zimemletea wanawake pale mlangoni wakiwa wamebebwa. Mama aliuangalia mkono wake uliofungwa.

Tulipotoka Sista alijipepea tena, akamwambia Mama, "Nenda salama, mwenzangu."

Lori lilitushusha kabla ya Lukozi, gurudumu limepasuka. Tulitembea. Kwenye ukingo wa msitu wa Magamba Mama alikaa juu ya gogo na akalia. Nilidhani ni furaha. Nikaanza kusema tumepona, Mama, aibu imekwisha, huendi popote. Akaniambia ninyamaze.

Kisha akasema, "Ile dawa sikuinywa, mwanangu. Nilikuwa naimwaga kwenye mgomba."

Asubuhi na jioni. Alikuwa tayari kwenda Mgwashi, achekwe, azae. Alikuwa ameshampa jina. Sikuuliza jina gani.

Nilikaa naye kwenye gogo. Nilimshika mkono ule mzima. Shule nzima ile, na hili halikuwamo.

Jumamosi, 26 Julai

Nilikwenda nyumba ya chini kabla ya kifungua kinywa. Shikamoo, marahaba. Nikamwambia Shangazi kwamba jibu nililompa shambani lilikuwa nusu. Damu ikikoma, huwa ni mimba au huwa ni umri, na kwa Mama ni umri.

Akaniuliza, "Kitabu chako hicho, mwali, kina kurasa ngapi? Au ulikirudisha kabla hujamaliza?"

Nilistahili. Nilieleza yote ya Sista. Joto, usingizi, moyo, mifupa. Alikuwa anapepeta mchele, na ungo ukaenda polepole, ukasimama. Akaniuliza joto lile linaanzia wapi. Kifuani, nikasema. Akauliza linadumu kiasi gani. Dakika chache, nikasema, halafu linaacha baridi.

Aliuweka ungo chini. Kisha akasema yeye alitibiwa malaria miaka miwili. Vidonge mpaka masikio yakaimba. Mumewe alikuwa ameshafariki, kwa hiyo hakuna aliyemdhania mimba. Walimdhania amerogwa. Hakumwambia mtu, hata wifi yake. Mambo ya chini hayasemwi.

Alipanda nasi mpaka juu. Aliichukua chupa mwenyewe akaimimina chooni. Hakumwomba Mama radhi. Alimtandikia kitanda, akamkatia papai. Mama alilila. Nadhani kwao hiyo inatosha.

Baba alisema maneno matatu: "Usiende, Mama Zakaria." Nilikuwa jikoni, nikasikia. Ni maneno mazuri kuliko barua zote ninazozitunza.

Lakini Mama atakwenda. Alisema hivyo kwa upole. Hafukuzwi tena, kwa hiyo sasa anaweza kwenda. Dada yake amevuka mto huo zamani na Mama anataka kukaa na mtu aliyevuka. Na amechoka. Aliolewa akiwa na miaka kumi na sita na hajawahi kupumzika hata mvua moja.

Jumatano, 30 Julai

Darasa la kisomo cha watu wazima, ninalofundisha jioni. Mimi na wanawake wangu tumefika kwenye herufi za mwisho. Nilipofuta ubao hakuna aliyeinuka. Mama mmoja wa mtaa wa juu akauliza, kama mtu anayeuliza bei ya vitunguu, ati ni kweli mkono wa Mama Zakaria umevunjwa na umri? Nikaeleza. Mwingine akasema yeye anaamka amelowa. Mwingine akasema yeye alifikiri ni presha. Mwingine akasema mumewe amehamia chumba cha mbuzi kwa sababu ya hasira zake na mbuzi wamemzoea. Walicheka mpaka wakashikana.

Nilirudi nyumbani miguu mizito. Ni mambo ya kila mmoja wao na kila mmoja aliyabeba peke yake, kama kuni.

Jumamosi, 2 Agosti

Zakaria amempeleka Mama Mgwashi. Basi mpaka Soni, kisha lingine. Mama alivaa kanga nyepesi kwenye ukungu na hakuna aliyemwambia ajifunike. Shangazi alimpa dagaa. Alimwambia, "Watafune na vichwa, wifi, usituletee mkono mwingine."

Zakaria aliporudi usiku aliniambia alimwomba mama yake radhi njiani. Alilia, yeye mwenyewe ameniambia, bila kuona haya. Fundi mkubwa mwenye grisi kwenye kucha. Nilimpenda upya, kutoka mwanzo.

Nyumba ya Mazinde imepatikana. Tumekubaliana ingoje mpaka viazi vitolewe na Mama arudi. Nililisema mimi. Baada ya kulisema nilichoka zaidi.

Jumanne, 12 Agosti

Siku zangu zimekuja. Nilihuzunika kidogo, nikatumia vitambaa vya Mama, vile laini. Nimevianika nyuma ya banda. Shangazi alipita, akatazama kamba, akasema nisihuzunike, bado tuna jua la miaka mingi. Akaenda zake.

Mgomba wa jikoni umekufa. Pembeni mwake limetoka chipukizi.

Dereva wa lori la mboga ameleta salamu kutoka Mgwashi. Mama anatembea kila asubuhi mpaka kisimani na dada yake. Mkono hauumi sana. Usingizi bado unakatika. Na joto likishapita, anasema, baridi inamwingia maradufu, jasho likimgandia mgongoni, na kwa dada yake mablanketi hayatoshi. Anauliza kama lile la kijivu bado ninalihitaji.

Nimelifua leo. Ni zito likilowa, Luiza amenisaidia kulikamua. Likikauka nitalikunja kama alivyolikunja yeye. Sitampa dereva. Kabla mwezi haujaisha nitakwenda Mgwashi, nimpelekee mwenyewe.